Uloto Mpya, Utumbo Uleule: Bakteria katika Historia ya Upandikizaji wa Seli Shina za Damu

Ukisikia mtu kapandikizwa uloto, akili inakwenda moja kwa moja kwenye mifupa na damu. Ni sawa kabisa. Uloto ni ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa, na humo ndimo zinamoishi seli shina za damu, yaani seli zinazozaa seli nyingine zote za damu. Kazi yake si ndogo: mwili wa mtu mzima hutengeneza seli nyekundu zipatazo bilioni 200 kila siku. Uloto ukiharibika, au ukishikwa na saratani, njia mojawapo ya kumwokoa mgonjwa ni kuuteketeza kwa dawa kali au mionzi, kisha kumpa seli shina za mtu mwingine kupitia mshipa, kama anavyoongezewa damu.

Lakini ukisoma taarifa za miaka ya 1950, tiba hii ilipokuwa inaanza, kuna dalili moja inayojirudia ambayo haihusu mifupa wala damu. Ni kuharisha. Panya waliharisha, na baadaye watu wakaharisha pia. Wengi walikufa uloto mpya ukiwa umeshashika vizuri.

Makala hii inafuata dalili hiyo. Kwa muda mrefu, madaktari waliojiuliza bakteria wa utumboni wanahusikaje walijibu: ni maadui, waue wote. Leo jibu limegeuka karibu kichwa chini miguu juu. La ajabu ni kwamba majaribio yaliyoleta jibu la kwanza hayakuwa na kosa.

Tiba iliyozaliwa na bomu

Agosti 1945 mabomu ya atomiki yalidondoshwa Hiroshima na Nagasaki. Kuna watu waliopona mlipuko wenyewe, lakini wiki kadhaa baadaye wakaanza kutokwa na damu, kushikwa na homa na kufa. Mionzi ilikuwa imeua uloto wao. Basi maabara za nyuklia zikapata kazi mpya: mtu aliyepigwa na mionzi anaokolewaje?

Mwaka 1949, Leon Jacobson wa Chicago alionyesha kwamba panya akifunikwa bandama kwa risasi, ile metali nzito, anaweza kupona kipimo cha mionzi ambacho kingemuua. Katika panya, bandama nayo hutengeneza damu. Mwaka 1951 Egon Lorenz na wenzake wakapata matokeo kama hayo kwa kuwachoma wanyama sindano ya uloto. Kwanza wengi walidhani kuna kemikali fulani ndani ya uloto inayoponya. Mwaka 1956 kundi la Charles Ford huko Harwell, Uingereza, lilichunguza kromosomu na kukuta seli za damu za panya waliopona ni za yule aliyetoa uloto. Kumbe seli zenyewe ndizo zilizohamia.

Kutoka panya hadi binadamu haikuchukua muda. Mwaka 1957 Donnall Thomas, huko Cooperstown katika jimbo la New York, alitoa taarifa ya wagonjwa sita waliopewa uloto wa watu wengine. Wote sita walifariki ndani ya siku 100. Mwaka 1958 wanasayansi sita wa Yugoslavia walipigwa na mionzi kwenye kinu cha Vinča, wakapelekwa Paris kwa daktari Georges Mathé. Watano walipewa uloto, na mmoja kati yao alifariki. Habari ile ilienea dunia nzima, ila mafanikio hayakufuata haraka. Mwaka 1970 Mortimer Bortin alikusanya taarifa za wagonjwa 203 waliowahi kupandikizwa, na walio wengi walikuwa wameshafariki.

Ugonjwa wa pili

Watafiti wa Harwell walikuwa wameshaliona tatizo kwa panya. Panya aliyepewa uloto wa panya wa ukoo mwingine alipona mionzi, akaonekana mzima. Wiki chache baadaye manyoya yanasimama, ngozi inaharibika, anakonda, anaharisha, anakufa. Wakauita "ugonjwa wa pili", kwa kuwa wa kwanza ulikuwa ule wa mionzi.

Leo tunauita ugonjwa wa pandikizi dhidi ya mwenyeji. Kwa kawaida tukizungumzia kupandikiza figo, tunaogopa mwili kuikataa figo. Hapa mambo ni kinyume. Uloto unakuja na askari wake, yaani seli za kinga za mtoaji. Askari hao wakifika wanauona mwili mzima wa mgonjwa kuwa ni mgeni, na wanaushambulia. Wanapenda sehemu tatu hasa: ngozi, ini na utumbo. Utumbo ndio unaoua zaidi.

Sasa, kwa nini utumbo? Ini na ngozi vina damu nyingi pia. Utumbo una nini cha pekee? Jibu lililokuwa wazi kwa yeyote ni kwamba utumbo umejaa bakteria.

Panya wasiojua bakteria

Kulijaribu wazo hili ilibidi kupata mnyama asiye na bakteria hata mmoja. Mnyama kama huyo hutolewa tumboni kwa upasuaji, akalelewa ndani ya kasha lililofungwa, ambamo hewa, maji na chakula vyote vimetakaswa. Maabara ya Lobund katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, ilikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mwaka 1971 watafiti wa Lobund walitoa taarifa kwamba panya wa aina hii, wakipigwa mionzi na kupewa uloto wa ukoo mwingine, wanasumbuliwa na ugonjwa wa pili kidogo sana ukilinganisha na panya wa kawaida.

Mwaka 1974 Dirk van Bekkum na wenzake huko Rijswijk, Uholanzi, walifika mahali palepale: ukibadilisha bakteria wa utumboni mwa panya, ugonjwa wa pili unapungua. Uloto ni uleule, tofauti za kijenetiki ni zilezile. Kilichobadilika ni wakazi wa utumbo tu.

Miaka ya 1990 James Ferrara na wenzake Marekani walieleza namna jambo hili linavyokwenda. Dawa kali na mionzi hujeruhi ukuta wa utumbo. Vipande vya magamba ya bakteria vinapenya na kuingia kwenye damu. Kinga inashtuka na kupiga kengele za uvimbe. Seli za mtoaji zinasikia kengele, zinakuja mbio na kuujeruhi utumbo zaidi, vipande vingi zaidi vinapenya. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe.

Wagonjwa ndani ya vyumba vya hewa safi

Ungekuwa wewe ndiye daktari mwaka 1975, ungefanya nini? Bila shaka ungejaribu kumfanya mgonjwa awe kama panya wa Lobund. Ndicho walichofanya.

Seattle, ambako Thomas alihamia mwaka 1963, wagonjwa waliwekwa kwenye vyumba ambamo hewa iliyochujwa inapita kwa mkondo mmoja muda wote. Chakula kilitakaswa. Mgonjwa alimezeshwa antibiotiki ambazo haziingii mwilini bali zinapita utumboni na kuua zinachokikuta, pamoja na dawa ya kuvu. Dawa hizo zilikuwa chungu na zilichefua, na mtu alizimeza huku tumbo lake tayari limeharibiwa na mionzi. Ndugu walimwona kupitia pazia la plastiki.

Je, ilisaidia? Mwaka 1983 Rainer Storb na wenzake wa Seattle walitoa taarifa ya wagonjwa ambao uloto wao ulikuwa umeshindwa kuzalisha damu, wakapewa uloto wa ndugu zao wa tumbo moja. Waliokaa kwenye vyumba vile walipata ugonjwa wa pandikizi kwa uchache na waliishi zaidi. Mwaka 1999 Dietrich Beelen na wenzake huko Essen, Ujerumani, wakaeleza jaribio la wagonjwa 134: walioongezewa metronidazo, dawa inayoua bakteria wasiopenda oksijeni, walipata ugonjwa wa pandikizi mkali kwa kiasi cha karibu nusu ya wenzao.

Kwa hiyo hawa hawakuwa watu wa kubahatisha. Walikuwa na panya, walikuwa na wagonjwa, na walikuwa na maelezo yanayoingia akilini. Lakini hospitali nyingine zilipojaribu, matokeo hayakulingana. Vyumba vilikuwa ghali. Na dawa za kutuliza kinga, hasa saiklosporini, ziliufanya ugonjwa udhibitike zaidi kwa njia nyingine. Taratibu hospitali nyingi zikaachana na kutakasa utumbo, bila kuwa na jibu la kwa nini hapa ilifaulu na pale ikashindwa.

Dokezo lililokuwepo tangu zamani

Jibu la sehemu lilikuwa limeshachapishwa. Miaka ya 1950 Marjorie Bohnhoff na Phillip Miller, wa Chicago, waliwapa panya antibiotiki iitwayo streptomaisini, kisha wakawalisha salmonela. Panya wa kawaida alihitaji bakteria hao wapatao laki moja ili augue. Aliyepewa streptomaisini aliugua kwa bakteria wasiofika kumi. Mwaka 1971 Dirk van der Waaij, mmoja wa watafiti wa kundi lilelile la Uholanzi, alilipa jambo hili jina: uwezo wa utumbo kukataa walowezi. Aliona kwamba wenye kazi hiyo ni bakteria wakazi, hasa wale wasiopenda oksijeni.

Fikiria shamba. Ukiling'oa lote na kulifunika kwa zege, magugu hayaoti. Huyo ni panya wa Lobund. Lakini ukilipiga jembe nusunusu na kuliacha wazi, kinachoota kwanza si mahindi. Binadamu hawezi kufanywa panya wa Lobund. Tumezaliwa na kukua na bakteria, tunabeba matrilioni yao, na hakuna dawa inayowamaliza wote. Kwa hiyo mgonjwa aliyetakaswa kiasi mara nyingi alikuwa kwenye hali ya pili, shamba lililo wazi. Ni hali ambayo panya wa 1971 na 1974 hawakuwahi kuulizwa habari zake.

Kusoma DNA ya choo

Kulikuwa na tatizo la vifaa pia. Bakteria wengi wa utumboni hufa wakikutana na hewa, kwa hiyo maabara ya hospitali haikuweza kuwaotesha kirahisi. Daktari aliona wale wanaoota tu, na mara nyingi hao ndio wabaya. Miaka ya 2000 ikaleta mashine za kusoma DNA kwa bei inayoshuka kila mwaka. Sasa unaweza kuchukua kinyesi, kusoma jeni moja ambalo kila bakteria analo, na kujua nani yupo na kwa wingi gani bila kuotesha chochote.

Hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, ilianza kukusanya vinyesi vya wagonjwa wa upandikizaji kabla na baada ya tiba. Mwaka 2012 Ying Taur, Eric Pamer na wenzao walieleza walichokiona kwa wagonjwa 94. Kabla ya tiba, utumbo una aina nyingi za bakteria. Ndani ya wiki chache aina hizo zinaporomoka, na kwa baadhi ya wagonjwa aina moja inatawala karibu utumbo wote. Mtawala mmojawapo ni enterokoki sugu, asiyesikia dawa ya vankomaisini. Na aliyetawaliwa hivyo alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya bakteria huyohuyo kuingia kwenye damu.

Mwaka 2014 kundi hilo likatoa tarakimu zilizoshtua watu. Waliwagawa wagonjwa 80 kwa kuangalia wingi wa aina za bakteria wakati uloto mpya unashika. Baada ya miaka mitatu, wenye aina chache walikuwa hai asilimia 36, wa kati asilimia 60, wenye aina nyingi asilimia 67. Mwaka uliofuata Robert Jenq, Marcel van den Brink na wenzao wakaonyesha kwamba waliobaki na bakteria wa jamii ya Blautia, wasiopenda oksijeni, walikufa kwa ugonjwa wa pandikizi kwa uchache zaidi. Yaani walewale tuliokuwa tunawawinda.

Inawezekanaje bakteria akawa mlinzi? Sehemu ya jibu ni chakula. Bakteria hawa huchachusha nyuzinyuzi za mboga na nafaka, wakatoa asidi ndogo iitwayo butireti, ambayo seli za ukuta wa utumbo huitumia kama mkaa wa kupikia. Mwaka 2016 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba panya waliopandikizwa hupungukiwa na butireti kwenye seli hizo, na wakirudishiwa ukuta unaimarika na ugonjwa unapoa. Mzunguko wa Ferrara bado ni sahihi. Tofauti ni kwamba sasa tunajua ukuta ule ulikuwa na mafundi wake.

Dawa inayookoa, dawa inayoumiza

Hapa ndipo pagumu. Mgonjwa aliyepandikizwa hukaa wiki mbili au tatu karibu bila seli nyeupe. Homa ikipanda usiku, hakuna kusubiri majibu ya maabara. Bakteria akiingia kwenye damu anaweza kumuua kabla ya asubuhi. Antibiotiki inatundikwa mara moja, na ni lazima. Yeyote atakayekuambia eti tuache antibiotiki tuwalinde bakteria wazuri, hajawahi kukaa kwenye wodi hiyo.

Swali lililobaki ni antibiotiki ipi. Mwaka 2016 Yusuke Shono na wenzake walipitia taarifa za wagonjwa 857. Waliopewa imipenemu, au piperasilini iliyochanganywa na tazobaktamu, dawa zinazofagia mpaka bakteria wasiopenda oksijeni, walikufa zaidi kwa ugonjwa wa pandikizi. Kwa aztreonamu na sefepimu, zinazowaacha wengi wa bakteria hao, tofauti hiyo haikuonekana. Kwa panya, imipenemu ilifanya bakteria walao ute waongezeke, na ule utando wa ute unaoukinga utumbo ukawa mwembamba.

Utaona hili linagongana na jaribio la Essen la 1999, ambako kuwaua bakteria hao kulisaidia. Mgongano huo haujaisha, na si vizuri kuuficha. Tena upungufu wa aina za bakteria unaweza kuwa sababu ya kifo, au ukawa alama tu ya mtu aliyezidiwa, asiyekula, aliyepewa dawa nyingi. Utafiti wa kuangalia peke yake hauwezi kuvitenganisha.

Ulioongeza uzito ni ule wa mwaka 2020 ulioongozwa na Jonathan Peled na van den Brink: vinyesi 8,767 kutoka kwa wagonjwa 1,362 wa New York, Durham, Regensburg na Sapporo. Vyakula tofauti, hospitali tofauti, mabara matatu, lakini mporomoko ulifanana. Katika kundi la New York, wenye aina nyingi walifariki 104 kati ya 354. Wenye aina chache, 136 kati ya 350.

Kurudisha wakazi

Kama wakazi wamepotea, kwa nini tusiwarudishe? Mwaka 2016 madaktari wa Japani walieleza wagonjwa wanne ambao ugonjwa wao wa utumbo ulikuwa umekataa dawa, wakawapa bakteria kutoka kwenye kinyesi cha watu wazima wa afya, na hali zao zikapata nafuu. Mwaka 2018 kundi la New York lilihifadhi kinyesi cha mgonjwa mwenyewe kabla ya tiba, likakirudisha baadaye, na aina za bakteria zikarejea.

Halafu, mwaka 2019, ikaja habari mbaya. Huko Marekani wagonjwa wawili waliokuwa kwenye majaribio walipata bakteria sugu wa E. koli kutoka kwa mtoaji mmoja wa kinyesi. Mmoja wao, aliyekuwa amepandikizwa seli shina, alifariki. Tangu hapo watoaji wanapimwa kwa ukali zaidi. Hata kuwapenda bakteria kunahitaji kujua ni yupi.

Na huku kwetu?

Si habari za mbali tena. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji mwaka 2021, na baadaye Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao.

Sasa tazama tena ile miji minne ya utafiti wa 2020. Hakuna hata mmoja wa Afrika. Mwaka 2014 utafiti juu ya Wahadza wa Tanzania ulionyesha kwamba utumbo wao una aina nyingi za bakteria kuliko wa Waitaliano waliolinganishwa nao. Mwaka 2019 kundi la New York lilionyesha kwamba enterokoki hushamiri kwa kula laktosi, sukari ya maziwa, na kwamba wagonjwa ambao kijenetiki hawaisagi vizuri sukari hiyo wanachelewa kumwondoa. Lakini mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walishaonyesha kwamba wafugaji wa Tanzania na Kenya wanaisaga laktosi kwa mabadiliko ya jeni tofauti na ya Wazungu. Ukitumia kipimo cha kijenetiki cha Ulaya kwa mtoto wa Kimaasai, kinaweza kukuambia hawezi kunywa maziwa aliyokulia.

Kwa hiyo hatuwezi kuchukua orodha ya "bakteria wazuri" ya New York tukaibandika Dodoma. Wala hatuwezi kudhani mtoto aliyekula dawa za duka la mtaani mara kumi kabla ya kufika hospitali anaanza na utumbo sawa na wa mtoto wa Sapporo. Kwa maoni yangu, hatua ya kwanza si ghali: kila mgonjwa anayepandikizwa, kinyesi chake kikusanywe kabla na baada, kigandishwe, na kadi yake iandikwe antibiotiki gani alipewa na siku gani. New York walianzia hapohapo. Watoto wa kwanza wa Dodoma wameshapita, na sampuli isiyochukuliwa siku ile haiwezi kuchukuliwa tena.